Kipande cha mwisho cha safari ya Mwezini huogelewa

Oktoba 13, 2024, mnara wa kampuni ya SpaceX ulioko kusini mwa Texas ulinyoosha mikono miwili ya chuma ukaidaka roketi ya Super Heavy iliyokuwa ikirudi kutoka angani. Tangu siku hiyo hoja moja inazunguka kila panapozungumzwa habari za anga: kwamba kutua baharini kumepitwa na wakati, na kwamba NASA imerudi miaka sitini nyuma kwa kuunda Orion, chombo cha kuwapeleka watu Mwezini ambacho mwisho wa safari kinashuka katika Bahari ya Pasifiki na kungoja wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji. Hoja hii inavutia kwa sababu macho yanaikubali. Upande mmoja kuna roketi inayosimama wima mikononi mwa mnara, upande wa pili kuna kapsuli inayoyumba mawimbini huku vijana wenye mapezi miguuni wakiifunga kamba. Nani hataona ipi ni ya karne hii? Lakini bahari haikuchaguliwa kwa kuwa ni laini, wala kwa kuwa wahandisi walikosa wazo jingine. Ilichaguliwa kwa sababu inaruhusu sehemu kubwa ya uzito na hatari iondolewe ndani ya chombo na kukabidhiwa watu walioko chini, ambao wanaweza kufunzwa, kubadilishwa na kurudishwa zoezini mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Kwa hesabu hiyo mpiga mbizi anastahili kuwekwa miongoni mwa mifumo ya chombo, pamoja na miavuli na ngao ya joto. Wachambuzi wengi wanakosea pale wanapomweka katika sherehe za mapokezi.

Marekani ililijua hilo kwa kupoteza chombo. Julai 21, 1961, mwanaanga Gus Grissom alitua Atlantiki salama ndani ya Liberty Bell 7. Akiwa bado anajiandaa, mlango uliofungwa kwa baruti ulifyatuka, maji yakaingia, naye akajirusha nje. Utaratibu wa wakati ule ulitegemea helikopta peke yake: inashuka juu ya kapsuli, msaidizi wa rubani ananasa kitanzi kwa ndoano, chombo kinanyanyuliwa. Hapakuwa na mtu majini, wala kitu cha kuiweka kapsuli juu ya maji iwapo ingejaa. Helikopta ilifanikiwa kunasa, lakini kapsuli iliyojaa maji ilikuwa nzito kuliko uwezo wake, taa ya tahadhari ya injini ikawaka, rubani akaiachia. Ilizama karibu kilomita tano kwenda chini na haikuopolewa hadi 1999. Grissom mwenyewe nusura azame, kwa kuwa tundu la hewa la suti yake lilibaki wazi na suti ikawa inaingiza maji huku upepo wa mapanga ya helikopta ukimpiga usoni. Mtandao wa kufuatilia safari hizo za Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, ulienea dunia nzima, hata Unguja, ambako kituo cha Tunguu kilifanya kazi hadi 1964. Marekani iliweza kukisikia chombo kikipita juu ya Zanzibar, lakini ilikuwa haijajua namna ya kukishika kikiwa mita chache mbele ya meli yake.

Jibu lilikuwa mkanda wa kuelea: boya refu linalozungushwa kiunoni mwa kapsuli na kujazwa gesi. Mkanda huo haujifungi wenyewe. Lazima mtu aingie majini, auzungushe, aukaze, aufungulie gesi, na afanye yote hayo kando ya kitu cha tani kadhaa kinachopanda na kushuka kwa wimbi. Kufikia enzi za Apollo, safari za kwanza za watu Mwezini, mpangilio wa kazi ulikuwa umetulia. Helikopta inafika, wapiga mbizi watatu wanaruka, na wa kwanza hata hashughuliki na mlango. Anafunga nanga ya maji, yaani mfuko wa turubai unaokokota maji ili kupunguza mwendo. Asiyeijua bahari ataona hatua hiyo ni ndogo. Kapsuli haina mkuku. Sehemu kubwa ya mwili wake iko juu ya maji, kwa hiyo upepo huichukua haraka, na muogeleaji hodari hawezi kuikimbiza kwa muda mrefu. Ukimshusha upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, chombo kinamkimbia. Ukimshusha upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, chombo kinamjia chenyewe, ila kinamjia pamoja na mvuke wowote wa sumu unaovuja kutoka kwenye injini zake ndogo. Mvutano huo haujaisha hadi leo. Boti za injini zimeupunguza tu, kwa kuwa sasa timu inaweza kufika kutoka joshini na bado ikaenda sambamba na chombo. Baada ya nanga ndipo mkanda unafungwa, kisha boti ya mpira inashikizwa kwenye mkanda, na mwisho mlango unafunguliwa. Kufungua mlango kabla ya mkanda ni kurudia Liberty Bell 7 kwa hiari.

Apollo 11 yenyewe, Julai 24, 1969, ilitua ikapinduka, wanaanga wakaning'inia kwenye mikanda vichwa chini hadi mifuko ya hewa iliyoko kileleni ilipojaa na kuirudisha wima. Katika safari za Apollo karibu nusu ya kapsuli zilipinduka hivyo, kwa sababu mwavuli unaendelea kuvuta chombo kikishagusa maji, na wimbi likija wakati huohuo kinalala. Wapiga mbizi walipomaliza kufunga mkanda, mwenzao Clancy Hatleberg alibaki peke yake na kazi ambayo haijawahi kufanywa kabla: kuwapa wanaanga mavazi ya kujitenga, kufunga mlango upya, kisha kuwasugua wao na chombo kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa hofu ya viini vya Mwezini. Hofu hiyo ilikuja kuonekana haina msingi. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: mahitaji ya ajabu ya dakika za mwisho, ambayo hakuna mhandisi anayeweza kuyajenga ndani ya mashine, yalikabidhiwa mtu mwenye mikono.

Tuje kwenye dhana ya ulaini. Kapsuli ya Orion inagusa maji kwa mwendo wa takriban kilomita 32 kwa saa, ikiwa na uzito wa zaidi ya tani tisa. Maji yakipigwa na bapa kwa mwendo huo hayana muda wa kusogea, na mgongano unakuwa mkali. Ndiyo maana Apollo ilining'inizwa chini ya miavuli kwa pembe ya nyuzi 27.5, ili ukingo uchane maji kwanza kabla ya tumbo. Pembe hiyo husaidia pale tu uso wa bahari unapokuwa karibu na usawa. Chombo kikikutana na mteremko wa wimbi kwa bahati mbaya, tumbo lote linapiga kwa mara moja. Apollo 12 iliangukia wimbi vibaya mwaka 1969, kamera ikachomoka mahali pake ikampiga mwanaanga Alan Bean kichwani. Kutokana na hali kama hizo, masharti ya kutua kwa Dragon, kapsuli ya SpaceX ya kubeba watu, leo yanataja mteremko wa wimbi usiozidi nyuzi 7 na upepo usiozidi futi 15 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 16 kwa saa. Mvuvi yeyote wa Pwani anajua kwamba huo ni upepo mdogo. Siku nyingi za kusi hazingefaa.

Watetezi wa nchi kavu wana hoja nzuri, na inafaa zisikilizwe kabla ya kujibiwa. Soyuz ya Urusi imekuwa ikitua kwenye nyika za Kazakhstan tangu miaka ya 1960, injini zake ndogo zikiwaka chini ya mita moja kutoka ardhini, na timu inawafikia wanaanga kwa magari na helikopta bila mtu kulowa. Shenzhou ya China inafanya vivyo hivyo Mongolia ya Ndani. Starliner ya Boeing inatua jangwani juu ya mifuko ya hewa. Anayetua nchi kavu hasumbuki na chumvi inayokula nyaya, wala kichefuchefu cha mawimbi kwa mtu aliyekaa miezi sita bila uzito, wala meli ya kivita ya kusubiri. Orion yenyewe ilianza kuchorwa ikiwa na mifuko ya hewa ya kutulia ardhini. Mifuko hiyo iliondolewa mnamo 2007, na sababu ilikuwa uzito.

Hapo kwenye uzito ndipo hoja ya nchi kavu inapopungukiwa nguvu kwa safari za Mwezini. Kila kilo ya kifaa cha kutulia inabebwa kwenda na kurudi, na kila kilo inayorudi inahitaji ngao ya joto na miavuli ya kuihimili. Chombo kinachotoka obiti ya karibu na Dunia kinaingia angahewa kwa kilomita 28,000 kwa saa; kinachotoka Mwezini kinaingia kwa takriban 40,000, yaani kwa kila kilo kuna nishati karibu mara mbili ya kuondoa. Mhandisi wa Soyuz anaweza kumudu injini za kutulia kwa sababu safari yake ni fupi. Wa Orion anapopima kilo hizo dhidi ya maji ya kunywa, oksijeni na mafuta, bahari inamwambia kwamba mifuko anaweza kuiacha nyumbani, mradi apeleke watu wa kumpokea.

Kuna sababu ya pili ambayo hutajwa mara chache, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Karibu kila chombo cha watu kinachoondoka Florida kinaruka kuelekea mashariki juu ya Atlantiki. Roketi ikiharibika dakika ya pili au ya tano, kapsuli inajitenga na kuanguka baharini, upende usipende. Kwa hiyo uwezo wa kuelea, kujigeuza wima na kuwaweka watu hai majini ni wa lazima hata kwa chombo kitakachotua jangwani. Orion inatakiwa kuweza kuwatunza watu wake saa 24 baada ya kutua. Na kwa kila safari, Wizara ya Ulinzi ya Marekani huweka vikosi vya uokoaji vya Jeshi la Anga, watu wanaoruka kwa mwavuli wakiwa na boti na vifaa, tayari Florida, South Carolina na Hawaii. Basi swali la kiuchumi linabadilika. Bahari lazima uilipie. Unachoamua ni kama utalipia na nchi kavu pia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya mnara, na bahati mbaya ndiyo inayopendwa. Kilichodakwa Texas ni hatua ya kwanza ya roketi, ambayo haikufika kasi ya obiti, haikuwa na mtu ndani, na ilikuwa imebakiza mafuta ya kujisimamisha. Ikikosea hesabu, inaelekezwa majini na hasara ni ya chuma. Kuichukua video hiyo na kuihukumu Orion ni kulinganisha vyombo ambavyo kazi zao hazigusani. SpaceX yenyewe inalijua hilo. Dragon ilibuniwa mwanzoni itue kwa injini zake, na mpango huo ukafutwa 2017. Wanaanga wake wanarudi kwa miavuli minne na kuangukia bahari. Tangu safari ya Crew-9 ya 2024, injini hizo zimeruhusiwa kutumika kama akiba ya mwisho miavuli ikigoma. Kampuni hiyohiyo inayodaka roketi kwa mnara ina wapiga mbizi wake, boti zake za mwendo kasi na meli zake za kuopoa. Wanaoishangilia kwa la kwanza hawalitaji la pili.

Hata enzi za ndege za anga, zile Space Shuttle zilizotua uwanjani kama ndege za kawaida za abiria kati ya 1981 na 2011, wapiga mbizi hawakwenda likizo. Roketi mbili nyeupe za pembeni zilidondoka Atlantiki kwa miavuli karibu kila safari na kuelea wima, mdomo wa moto ukiwa chini. Meli mbili, Liberty Star na Freedom Star, zilizifuata. Wapiga mbizi, safari hii raia, walizama hadi kwenye mdomo huo wakaingiza kizibo maalumu, hewa ikasukumwa kupitia bomba, maji yaliyomo yakatolewa, na silinda ile ikalala ubavu juu ya maji ikavutwa bandarini ikatumike tena. Kizibo kisipokaa sawasawa, hewa inatoroka na roketi hailali. Juni 1982 miavuli ilipofeli, roketi zote mbili za safari ya nne zilizama, na hapo mpiga mbizi hana la kufanya. Tunaambiwa kulikuwa na enzi ya bahari, ikafuata enzi ya uwanja wa ndege, sasa tumerudi baharini. Kwa wanaoshika kamba, kazi haikukatika.

Sasa tutazame Orion inavyopokelewa, kwani humo ndimo ubora na udhaifu wa mpango unapoonekana. Desemba 11, 2022, Artemis I, safari ya majaribio ya Orion, ilitua magharibi mwa Baja California bila mtu ndani, na manowari USS Portland ikaipokea. Meli za aina hii, zenye urefu wa mita 208 hivi, zimejengwa kwa ajili ya kushusha boti za askari wa majini, na zina chelezo tumboni: matangi ya meli yanajazwa maji, tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, inazama kidogo, lango la nyuma linafunguliwa na bahari inaingia ndani. Kapsuli inaingizwa ikiwa inaelea, inakalishwa juu ya kitako chake, kisha maji yanatolewa. Faida yake ni kwamba chombo hakining'inizwi hewani kwa winchi huku meli ikiyumba, jambo ambalo lingekigeuza nyundo. Hasara yake ni kwamba ndani ya chelezo wimbi halina pa kwenda. Linaingia, linagonga ukuta wa mbele, linarudi na kukutana na jingine. Februari 2014, katika zoezi la kwanza la baharini kwa USS San Diego, kamba za kuidhibiti kapsuli ya mfano zilikatika kwa mvuto huo na zoezi likasimamishwa. Vifaa vikabuniwa upya, vya kulegeza na kukaza kamba kulingana na wimbi, zoezi likarudiwa mwaka huohuo kwa USS Anchorage, na njia ya winchi ikajaribiwa pia kwa meli ya uokoaji Salvor ili ilinganishwe. Ndiyo maana nasema hatari iliyohamishiwa chini inaweza kufanyiwa mazoezi. Kamba iliyokatika 2014 ilikatika juu ya chombo cha mfano. Injini ya kutulia ardhini ikigoma, kwa kawaida hugoma siku ya kweli.

Wakiwepo watu ndani, mpangilio ni mrefu zaidi. Miavuli mitatu mikubwa inakatwa kapsuli ikishatua; boti za pembeni zinaifuata, kwa sababu kitambaa kinachozama na kamba zake ni mtego kwa mapezi ya mpiga mbizi na kwa rafadha ya boti. Mifuko mitano ya rangi ya chungwa inajazwa heliamu kileleni ili kuhakikisha chombo kinasimama wima. Boti za mpira zinasogea kutoka joshini zikiwa na vipima hewa. Kinachotafutwa ni hidrazini, inayoendesha injini ndogo za kapsuli, na amonia, inayotumika kupoza mitambo baada ya sehemu ya nyuma kutupwa. Zote mbili hushambulia mapafu na macho. Hakuna anayegusa chombo kabla vipimo havijasoma salama. Wapiga mbizi wengi wa kazi hii hutoka vikosi vya uteguaji mabomu, na inaeleweka, maana kapsuli iliyorudi imejaa baruti ndogo za kufyatulia miavuli na vifuniko, na si lazima zote ziwe zimelipuka. Kisha mkanda unafungwa, jukwaa la kujazwa hewa linawekwa chini ya mlango, mhudumu wa afya anaingia kwanza, na wanaanga wanatoka mmoja mmoja kukaa juu ya jukwaa. Helikopta inawanyanyua na kuwapeleka melini. NASA inataka wawe kwenye zahanati ya meli ndani ya saa mbili tangu kugusa maji. Chombo chenyewe kinabaki nyuma na wapiga mbizi, wanaokifunga kamba kuu ya winchi na kamba nne za kukituliza, kisha kinavutwa polepole hadi ndani ya chelezo.

Tahadhari ya hewa ina historia mbaya nyuma yake. Julai 24, 1975, Apollo ya mwisho ilikuwa ikirudi baada ya kukutana na Soyuz. Swichi za mfumo wa kutua hazikuwashwa kwa wakati, injini ndogo zikaendelea kufyatua huku valvu ya kuingiza hewa ikiwa wazi, na gesi ya naitrojeni tetroksidi ikavutwa ndani. Kapsuli ikatua ikapinduka. Vance Brand alizimia, Thomas Stafford akahangaika kufikia barakoa za oksijeni, na wote watatu wakaishia hospitali Honolulu. Miaka 45 baadaye, Agosti 2, 2020, Dragon ya kwanza yenye watu ilipotua karibu na Pensacola, kipimo kilionyesha dalili za gesi hiyohiyo kuzunguka chombo na mlango ukachelewa kufunguliwa. Wakati huo boti za starehe zilikuwa zimekwisha kukizingira, watu wakipiga picha. Wengi waliliona tukio hilo kama upungufu wa adabu. Mwenye kuujua mvuke huo anaona watu waliojipeleka upande wa demani bila barakoa.

Dragon inaopolewa kwa njia nyingine, na hapa ndipo mjadala wenye maana ulipo. Boti moja ya kasi inakagua chombo, nyingine inakusanya miavuli, wapiga mbizi wanaweka kamba, na meli inaikweza kapsuli watu wakiwa bado ndani. Mlango unafunguliwa sitahani, kwa kawaida ndani ya saa moja. Kwa mtu aliyedhoofika miguu baada ya miezi kituoni, njia hii ni bora: hatakiwi kutambaa kwenye jukwaa linaloyumba wala kuning'inia kwenye kamba ya helikopta. NASA ilifanya hivyohivyo kwa wanaanga wa kwanza wa kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973, waliopandishwa kwenye USS Ticonderoga wakiwa ndani ya kapsuli kwa kuwa hakuna aliyejua watasimama au wataanguka. Orion haiwezi kwa urahisi, kwa sababu kuiingiza kwenye chelezo huchukua muda mrefu na mwanaanga hapaswi kuwa ndani kamba zikikatika. Kwa safari ya siku kumi kuuzunguka Mwezi, njia ya jukwaa na helikopta inakubalika. Kwa safari zijazo, watu wakikaa Mwezini wiki kadhaa au kurudi wakiwa wagonjwa, mashaka yangu yako hapo, wala si kwenye maji. NASA inafuata utaratibu uliojengwa kuzunguka meli iliyopatikana, na meli hiyo ni ya kivita. Ikihitajika kwingine wiki hiyo, itatafutwa ya aina yake, na timu italazimika kuzoea winchi na mabaharia wengine. Wakosoaji wangeshika hoja hii wakaiacha ya mnara, wangekuwa na la kusema.

Vilevile hoja ya chumvi imepoteza makali. Endeavour, Dragon iliyotua Pensacola 2020, imerudi angani mara kadhaa na kuopolewa tena na tena. Chumvi ni gharama ya karakana, inayojulikana na kupangiwa bajeti. Jambo lililoibadilisha Dragon zaidi lilitoka upande usiotarajiwa: vipande vya shina lake, ile sehemu ya nyuma inayotupwa kabla ya kuingia angahewa, viliokotwa Australia, Canada na North Carolina. Kuanzia 2025 kutua kukahamishwa kutoka Florida kwenda California, ili shina libaki limeshikamana hadi chombo kimeshika njia ya kushuka, likaangukie Pasifiki. Wakazi wa kijiji cha Mukuku, Makueni, waliodondokewa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi Desemba 30, 2024, hawahitaji kuelezwa faida ya uamuzi wa aina hiyo, ingawa pete yao ilidhaniwa kuwa ya roketi na si ya Dragon. Meli na boti zililazimika kuvuka bara zima, na maji ya California ni baridi zaidi, lakini kazi ya mpiga mbizi ilibaki ileile.

India imeielewa hesabu hii mapema. Katika mpango wake wa Gaganyaan, Oktoba 21, 2023, kapsuli ya majaribio ilitua Ghuba ya Bengal ikiwa imepinduka, na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la India wakaifunga na kuiopoa kwa meli INS Shakti. Magazeti mengi yaliandika ushindi wa roketi. Kwa mtazamo wangu habari kubwa ilikuwa ile kapsuli iliyolala kichwa chini, kwa kuwa angekuwamo mtu, dakika zile zingekuwa ndefu. Jeshi hilo lina kituo cha mafunzo ya kujiokoa majini huko Kochi, na timu za kuopoa zimefunzwa humo kabla mwanaanga hata mmoja hajapanda. Nchi yoyote itakayofuata njia hii itahitaji kuanza hapo: bwawa lenye mawimbi na upepo wa kutengenezwa, kapsuli ya mfano yenye uzito sahihi, na watu wale wale wanaorudia kazi ile ile usiku na mchana.

Kwani eneo la kutua lililopangwa ni nusu tu ya mpango. Mwanaanga wa Mercury Scott Carpenter, Mei 1962, alipitiliza lengo kwa kilomita 400. Gemini 8, chombo kingine cha Marekani, Machi 1966 iliharibika ikakatisha safari na kutua magharibi mwa Pasifiki, mbali na meli kuu iliyoingojea Atlantiki. Waokoaji watatu wa Jeshi la Anga waliruka kutoka ndege iliyotoka Okinawa, wakafunga mkanda, na wote, wanaanga na waokoaji, wakahangaika na mawimbi kwa saa tatu hadi manowari ilipofika. Na waliochagua nchi kavu wana Soyuz 23, ambayo Oktoba 1976 ilishuka usiku juu ya Ziwa Tengiz huko Kazakhstan, barafu ikianza kushika. Mwavuli uliojaa maji uliivuta chini, boti zilikwama kwenye barafu na matope, na mwishowe helikopta, ikishindwa kuinyanyua, iliikokota hadi ukingoni. Wanaanga wawili walitoka hai baada ya usiku mzima. Timu ya nyika haikuwa imejiandaa kwa hali hiyo, kwa sababu kutua majini hakukuwa katika mpango.

Mkataba wa 1968 wa kuwaokoa wanaanga unazitaka nchi zilizouridhia kusaidia popote chombo kitakapoangukia. Kwa mataifa yenye pwani ndefu, msaada huo hautakuwa wa roketi. Utakuwa wa nahodha wa doria au mvuvi anayefika wa kwanza, na anachotakiwa kujua ni kidogo na kinafundishika: asimame joshini, mbali, injini ikiwa tayari, asiguse miavuli wala kuikata kwa kisu, asishike tundu lolote lililo pembeni mwa kapsuli, kwa kuwa ni mdomo wa injini na unaweza kuwa na moto au sumu, asijaribu kufungua mlango akiona chombo kinaelea wima, atoe mahali alipo kwa redio, kisha aendelee kuwa karibu kiasi cha kuonekana dirishani.